Godoro la Harusi ya Tunu

Temeke nzima ilijua kwamba mimi, Nassibu fundi magodoro, nimemshonea mchumba wangu Tunu godoro la pamba tupu. Nililitangaza mwenyewe. Nilijitwika mchana kweupe, nikalipitisha barabarani mpaka nyumbani kwa baba yake, Mzee Mwishehe. Ulikuwa mwaka wa nne wa vita, pamba haionekani madukani, na watu wakaniuliza nimeipata wapi. Nikawajibu kwamba fundi hakosi.

Fundi alikosa. Pamba niliyoipata ilitosha kutandaza juu na chini tu. Katikati nilijaza makumbi ya nazi, niliyoyaponda na kuyachambua mpaka vidole vikatoka damu.

Kabla mwezi wa harusi haujaandama, Mzee Mwishehe akashikwa na homa. Tunu akamlaza juu ya godoro lile apumzishe mbavu. Kesho yake nilipokwenda kumjulia hali, mzee alilalamika kwamba linamchoma.

"Hiyo ni homa, baba," nikamwambia. "Pamba haichomi."

Akanitazama, kisha akaomba arudishwe kwenye kitanda chake cha kamba. Majirani wakamtania kwamba hakuzoea raha. Siku ya tatu akafa.

Waosha maiti wakataka pamba. Kondo, kaka yake Tunu, alizunguka maduka yote akarudi mikono mitupu. Nikakimbia kwangu nikaleta sufi ya mtini niliyoachiwa na mteja, furushi zima, safi. Mwosha mmoja akaichovya majini, ikaelea. Akasema sufi hainywi maji, haimfai maiti. Ndipo Bi Mwanaheri, shangazi yake Tunu, akakumbusha kwamba katika chumba cha ndani mna godoro zima la pamba.

Wembe nilipewa mimi, kwa kuwa ndimi niliyelishona. Ningekataa vipi? Nikapasua. Pamba ikatoka, nyembamba kama blanketi kuukuu, na makumbi yakamwagika sakafuni.

Tunu aliinama, akaokota unyuzi mmoja, akajichoma nao kiganjani.

"Kwa hiyo baba alikuwa anasema kweli."

Nikamwambia ndiyo.

Pamba ile ilitosha. Jeneza lilipotoka nilikwenda kutia bega, kama mkwe. Kondo akaingia mbele yangu. Nikahamia upande wa pili, mtu mwingine akaniwahi. Nilijaribu njia nzima, nikienda mbele, nikirudi nyuma, na hakuna aliyenitukana wala kunisukuma. Walipokezana wao kwa wao mpaka makaburini.