Zamu ya Maji ya Bi Mahfoudha

Injinia Asaad alitoka Maskati na saa kubwa mkononi, akakitengeneza kile kinu cha maji cha zamani, huko Wadi Bani Khalid, kikang'ara. Gurudumu jipya, mawe yamechongwa upya, wageni wamealikwa Jumatano saa kumi alasiri. Jambo moja tu hakuuliza: saa hiyo maji ya falaji, mfereji wa kijiji, ni zamu ya nani.

Ni zamu ya Bi Mahfoudha. Mfereji hupita kwanza bustanini kwake, hatua chache juu ya kinu, na kwa saa nzima maji ni yake, anyweshe mitende au ayamwage, hapana wa kumuuliza.

Asaad alimkuta ameketi ukingoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniomba maji?"

"Nusu saa tu, wallahi! Wageni wako njiani."

"Nimekupa. Lakini kinu kisage. Nilipoletwa hapa kutoka Unguja kuolewa, mama mkwe alinifundisha kusaga pale pale. Miaka arubaini nala unga wa paketi, na roho yangu haijaridhika. Kila Alhamisi tusage ngano yetu."

"Inshallah, Bibi, inshallah."

Inshallah ile ilikuwa nyepesi mno. Bi Mahfoudha aliisikia, akacheka ndani ya mtandio. Hata hivyo aliziba tundu la bustani yake kwa jiwe na matambara, maji yakateremka kinuni.

Jiwe la kinu likazunguka, unga ukamiminika, wageni wakapiga makofi. Asaad akashika kipaza sauti.

"Kuanzia leo, kinu hiki ni cha kutazama tu. Tutaweka kamba, mtu asiguse!"

Ulimi hauna mfupa. Bi Mahfoudha alikasirika hasa. Akainama, akachomoa matambara. Maji yakageukia mitendeni. Jiwe likakoroma, likasimama.

Asaad akatazama saa yake, kisha akatazama juu bustanini. Bi Mahfoudha alikuwa akimpungia tambara.

"Sema tena, habibi, sikukusikia vizuri!"

Asaad akakohoa. "Kila Alhamisi wanawake watasaga."

"Na kamba?"

"Khalas, Bibi. Hakuna kamba."

Tambara likarudi tunduni, jiwe likazunguka. Bi Mahfoudha akashuka, akakinga unga kwa mtandio wake, akaunusa. Furaha ilimjaa hata machozi yakamtoka. Akayafuta, akamgeukia Asaad.

"Sasa mkimbilie Fawziya. Alhamisi maji ni yake, na yule hana huruma kama mimi."