Nafasi ya Aias

Nikareta alikuwa anachagua mawe kwenye dengu Aias alipopita mlangoni akichuruzika maji ya bahari, mwani umemning'inia begani. Alimsalimu, naye akaitikia bila kuinua macho. Nikareta akarudi kwenye dengu zake. Watu wa mji wa Opus walijua kwamba siku moja angerudi, ndiyo maana walikuwa wamemwachia nafasi.

Aias alikuwa kamanda wa Walokri, kabila la watu wa Opus, kule Troya, zamani za mababu wa mababu. Mji ulipoanguka alimkuta binti mmoja ameikumbatia sanamu ya mungu wa kike Athena, akamburuta kwa nywele na kumnajisi humohumo hekaluni. Akiwa njiani kurudi nyumbani alizama. Lakini kila walipoenda vitani Walokri waliendelea kumwachia pengo kwenye safu, upana wa mtu mmoja, na hakuna aliyelikanyaga. Kusimama kando ya pengo hilo ilikuwa heshima ya kurithi. Lykon, mume wa Nikareta, alisimama kushoto kwa pengo, kama baba yake alivyosimama.

Athena naye alikuwa na dai lake kwa kosa hilo la hekaluni. Wasichana wa Opus walipigiwa kura, na aliyeangukiwa alinyolewa, akapelekwa Troya peku, kufagia hekalu lile mpaka azeeke. Wenyeji wakimkamata ufukweni kabla hajalifikia, waliruhusiwa kumuua. Safari hii kura ilikuwa imemwangukia Filinna, binti pekee wa Nikareta.

Nikareta aliinjika dengu motoni, akachukua ufagio, akaenda uwanja wa mazoezi.

Aias alikuwa ameshaingia kwenye pengo lake. Safu ilikuwa imenyooka vizuri. Wachache walinung'unika kwamba viatu vyao vinaloa, wenzao wakawauliza kama walitaka kamanda mkavu.

Nikareta alimnyooshea yule marehemu ufagio.

"Babu, kosa ni lako. Ufagio ndio huu, na meli inaondoka kesho."

Aias aliutazama. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imejikunja kama ya mtu aliyeshinda anafua.

"Naona haya kusimama mbele ya mungu yule, mama."

"Na mwanangu je? Yeye atasimama na haya ya nani?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akasema mama Filinna anatafuta shujaa wa kumsaidia kazi za jikoni. Damofon, mkuu wa jeshi, hakucheka. Alimweleza kwa upole kwamba wasichana wapo wengi, Aias ni mmoja, na akiondoka pengo litabaki wazi tena.

Nikareta akamgeukia mumewe.

"Lykon, sema basi."

Lykon alikuwa amesimama bega kwa bega na Aias, nguo yake imelowa upande mmoja. Alitazama viatu vyake. Kisha akauliza kama dengu zimeshawekwa motoni.

Kwa kuwa Lykon ndiye aliyekuwa jirani yake kwenye safu, jioni Aias alifikia kwao. Alikaa kwenye kigoda karibu na moto, akala mkate wa shayiri na zeituni mbili tatu. Alikuwa hakauki. Nikareta alimnyoa Filinna palepale, na nywele za kwanza zilipoanguka sakafuni Aias aligeukia ukutani. Lykon alitoka nje kumwangalia punda.

Filinna alijipapasa kichwa, akaona ni chepesi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichukua ufagio akaanza kusukuma maji yaliyotuama chini ya kigoda.

"Inua miguu, babu," alisema.

Aias akainua yote miwili, akaishikilia hewani. Nikareta alimwambia binti yake aanzie pembeni, kule kwa watu wasije wakasema hakufunzwa. Filinna akaanzia pembeni. Muda wote huo Aias hakuishusha miguu.

Alfajiri, kabla Filinna hajaitwa melini, Aias alikuwa ameshatangulia uwanjani ili wasikutane mlangoni.

Tangu hapo maji yale huyafagia Nikareta mwenyewe. Hahitaji kusema kitu. Akisikia ufagio, Aias huinua miguu, na Lykon, aliyekaa kushoto kwake, huinua yake pia.