Bawaba za Sanduku

Nilikuwa nimeupa uso ukuta wa ghala, pua karibu iguse tofali, na nyuma yangu watu walikuwa wanaamua mimi ni mtu wa namna gani. Ndivyo tunavyochagua mweka hazina katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hapa Makere. Wagombea wanageukia ukutani, wanachama wanajipanga nyuma ya wanayemtaka, na wewe huoni kitu, unasikia miguu tu. Ukigeuka kabla hujaambiwa, umejitoa.

Sasa mimi miguu ya wenzangu naijua. Miguu ya kwanza kunyanyuka ilikuwa ya mume wangu, Badru. Kandambili yake ya kushoto ilikatika mkanda akaushona kwa waya, kwa hiyo akitembea mguu mmoja unapiga na mwingine unaburuta. Nikasikia anapiga na kuburuta, anakuja. Akapita mgongoni kwangu bila kusimama, akaenda hadi upande wa Mwalimu Sylvesta.

Watu wakaguna. Mimi nikabaki natazama tofali.

Nirudi nyuma kidogo. Mweka hazina wetu wa zamani, Bibi Maximilla, alisumbuliwa na presha, binti yake akaja kumchukua akaishi naye Kibondo. Sanduku likaletwa kwangu lisubiri uchaguzi. Ni sanduku la bati la rangi ya bluu, lina makufuli matatu mbele, na funguo zinakaa kwa wanawake watatu wa mitaa tofauti. Mwenye sanduku hana ufunguo, na mwenye ufunguo hana sanduku. Wengi wetu shule tuliiona kwa mbali, kwa hiyo kila tukifunga kikao, kiasi kilichomo kinatajwa kwa sauti na kila mtu anakibeba kichwani kwenda nacho nyumbani. Kikao kinachofuata, kabla kufuli halijaguswa, tunaulizwa tulifunga na ngapi, na tunajibu kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza. Hakuna aliyewahi kutudanganya kwa njia hiyo, na kazi yangu ilikuwa kulaza sanduku tu.

Na nilikuwa naitaka kazi hiyo moja kwa moja, siyo ya kushikizwa. Sitajifanya. Kijiji kizima kinaniita mchoyo, na mchoyo ni mtu mzuri sana ukimpa kazi inayomfaa.

Jioni moja nilikuwa uani napeta maharage, Badru akarudi kutoka Murungu, ananukia vumbi na furaha. Yeye biashara yake ni hayo hayo maharage. Akachuchumaa karibu na ungo wangu.

"Mama Saady," akasema, "Murungu bei imeanguka. Ijumaa lori la Kahama linapita. Nikipata mtaji leo, Jumamosi nimerudisha na faida juu."

"Mtaji utautoa wapi?"

Akatazama mlango wa chumbani. Nikamwambia mimi funguo sina, na yeye anajua kwamba sina.

"Funguo za nini? Umewahi kulitazama mgongoni?"

Sikuwahi. Yeye alikuwa ameshalitazama. Nyuma ya sanduku kulikuwa na bawaba mbili, zimeshikwa kwa skrubu nne ambazo hata ncha ya kisu cha jikoni ingezitoa. Aliyelitengeneza alimwogopa mwizi wa kuja mbele.

Nilikasirika. Badru si mwizi. Angezirudisha Jumamosi kweli, tena angeniletea na kitenge. Hesabu yake ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniogopesha. Niliweka ungo chini, nikaingia chumbani, nikakaa juu ya sanduku.

Akaja akasimama mlangoni, anacheka. "Utakaa hapo mpaka siku ya uchaguzi?"

"Nitakaa."

Lakini mtu hawezi kukaa juu ya bati mpaka uchaguzi. Kulipokucha nikajitwisha sanduku kichwani. Nikapita bombani, nikapita sokoni, kila ninayekutana naye ananisalimia kikwetu, mwakeye, mwakeye, na mimi naitikia shingo imenyooka. Nikalitua kwa Haidari, fundi wa kuchomelea.

"Choma bawaba hizi," nikamwambia, "skrubu zisitoke tena."

"Zimelegea?"

"Wewe choma."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani mtu akipita mchana kweupe watu wanaona weupe wake. Kumbe wanaona sanduku. Kabla jua halijafika utosini habari ilikuwa imeshazunguka kwamba Mama Saady kalipeleka sanduku la watu kwenye moto. Wengine walisema nilikwenda kulikata, fundi akakataa. Wengine walisema fundi alikubali. Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo laja.

Habari zilimfikia Badru. Akaniuliza nitajibu nini nikibanwa kikaoni, na safari hii hakuwa anacheka.

"Nitanyamaza," nikamwambia.

Ningesema nini? Nikieleza, mume wangu anakuwa mwizi mpaka kaburini, na wanangu wanakuwa watoto wa mwizi. Nisipoeleza, mwizi ni mimi. Na Makere ukishatajwa kwa pesa za sanduku, hata chumvi jirani hakukopeshi.

Siku ya uchaguzi alikuja Bi Loyce, afisa maendeleo wa kata, mwenyeji wa Mbeya, asimamie. Tuliulizwa tulifunga na ngapi, tukajibu kwa sauti moja, makufuli yakafunguliwa, hesabu ikakutwa ni ile ile. Ungedhani hilo lingetosha. Lakini pesa kutimia hakuelezi moto.

Mwalimu Sylvesta aliongea kwanza. Ni mstaafu, mtu wa watu, mkono wake uko wazi kwa kila mtoto anayepita. "Mkinichagua," akasema, "mwenye shida asiogope kunigongea. Mlango wangu haufungwi." Akapigiwa makofi.

Mimi nikasema, "Wa kwangu unafungwa. Mnaniita mchoyo, nimesikia. Chenu nitakibania kuliko ninavyobania changu."

Walicheka, na nikaona ninashinda. Ndipo Zuhra, mmoja wa wale wenye funguo, akasimama.

"Mama Saady, nakuheshimu dada yangu. Sanduku ulilipeleka kwa fundi kufanya nini?"

"Kuimarisha bawaba."

"Zilikuwa zimelegea?"

"Hapana."

"Sasa?"

Nikanyamaza kama nilivyoahidi. Nilihisi kikao kizima kinaniegemea. Bi Loyce akasubiri, mwisho akatuambia tugeukie ukuta.

Kwa hiyo kandambili ya waya iliponipita ikaenda kwa Mwalimu, niliumia, nisikufiche. Nililibeba lile jambo kwa ajili yake, na yeye ananipita kama mlango wa jirani.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," nikamsikia Zuhra akisema. "Hata mumewe kamkimbia."

"Kata ni mimi, kweli," Badru akajibu. Alijibu kwa sauti yake ya sokoni, ile ya kunadi magunia. "Basi nisikilizeni niwaambie cha ndani ya mtungi. Mimi ndiye niliyeziona zile skrubu. Nilitaka kulifungua kwa nyuma, nikanunue maharage Murungu, nirudishe Jumamosi. Huyu mwanamke akalikalia. Mimi, mumewe wa ndoa, nimezaa naye watoto wanne, akalikalia mbele ya macho yangu. Kulipokucha akaenda kulichomelea. Hakulichomelea kwa ajili yenu, alilichomelea kwa ajili yangu. Sasa mtu kama huyo nimpe kura, mimi nitakula nini?"

Mwalimu Sylvesta, pale pale ukutani pembeni yangu, ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, na kikao kikamfuata.

Halafu nikasikia miguu. Buti za mvua za wanaotoka bondeni, raba, nyayo tupu, na viatu vya Zuhra vya kisigino ambavyo hapa hakuna mwingine aliye navyo. Ilikuja kwangu, ikajipanga, ikaendelea kujipanga. Bi Loyce alipotuambia tugeuke, mstari wangu ulikuwa umepinda kona ya ghala. Kwa Mwalimu walikuwa wachache, na Badru mbele yao anatazama vidole vyake vya miguu.

Kuanzia siku ile wanamwita Baba Skrubu. Anaitwa sokoni, anaitwa msikitini akitoka, hata wanunuzi wa Kahama wanamjua kwa jina hilo. Anaitika. Sijamsikia hata mara moja akisema alikuwa anatania.

Nimekuwa mweka hazina tangu hapo. Kila mwaka tunachagua upya, na kila mwaka kandambili hupita mgongoni kwangu ikaenda upande wa pili. Nilishazoea, nikadhani ni ubishi wake tu wa kiume. Mwaka jana Mwalimu alikuwa amehamia Kasulu mjini kwa mwanawe, na hakuna mwingine aliyejitokeza. Bi Loyce akasema utaratibu ni utaratibu, nigeuke ukutani hata kama niko peke yangu. Nikageuka. Miguu ikaanza kuja. Halafu nikasikia mmoja unapiga, mwingine unaburuta, unanipita taratibu, umri nao umeshaingia magotini. Ukasimama kule kusikokuwa na mtu.

"Mzee," Bi Loyce akasema, "huko hakuna mgombea."

"Najua, mwanangu."

"Sasa unampigia nani kura?"

"Simpigii mtu. Sanduku linalala nyumbani kwangu. Na kura yangu nayo ikilala huko huko, ninyi mtapata usingizi?"

Hakuna aliyecheka. Paji langu la uso lilikuwa limeegemea tofali, na tofali likalowa. Nilitaka kumwona pale alipo, amesimama peke yake na kandambili yake ya waya. Lakini ukigeuka umejitoa, na mimi kazi ile bado naitaka.