Bei Iliyo Chini ya Shali

Ijumaa hiyo Nasteho na wenzake walikuwa wakisubiri mkutano wa mtandaoni na wakubwa wa ng'ambo. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, Kitengela, na kwa kawaida dirisha liliachwa wazi ili harufu ya dawa ya kupe itoke. Leo Musila alikuwa amelifunga. Musila ndiye mkubwa wao, mtu wa mizaha, lakini tangu asubuhi hakuwa amemtania mtu. Aliketi, akainuka kuhakikisha dirisha limefungwa kweli, akaketi tena.

Walikuwa watatu tu pale. Musila alishughulika na biashara, Mukonyo alichora, na Nasteho aliandika programu. Gemu yao ya simu iliitwa Shali. Mchezaji hupewa ng'ombe au ngamia wachache, huwatafutia malisho kiangazi kikiwaka, na wakinona huwapeleka mnadani. Hapo ndipo penye utamu. Hakuna kuandika bei. Shali hufunika kioo, mchezaji anabonyeza kwa vidole, na simu ya mwenzake inatetemeka vilevile alivyobonyeza. Ukikubali unaweka kiganja, ukikataa unaondoa mkono. Hata gemu yenyewe haijui mmepatana nini.

Mtindo huo Nasteho aliutoa kwa baba yake, Dubow, dalali wa mifugo huko Kajiado, ambaye maisha yake yote amefanya bei kwa kushikana mkono chini ya shali ili walio pembeni wasijue. Mkono unaoonekana kwenye gemu ni wake. Mukonyo alikaa naye wiki nzima akiuchora, na mzee, ambaye hajawahi kukataa kusifiwa, alifurahi kama bwana harusi. Maana ya mibonyezo lakini ni siri ya madalali wa Kajiado, na wa nje hafundishwi; wachezaji wengine hujitungia zao. Nasteho alifundishwa utotoni kwa sababu Dubow hakuwa na mtoto wa kiume, na pia kwa sababu alikuwa msumbufu, hanyamazi mpaka apewe.

Sasa sikia kosa lao. Gemu ilipopata watu, Dubow aliwaingiza madalali wenzake, kwanza kwa kujifurahisha tu. Hawakukawia kuanza kuuziana mifugo ya kweli humo humo. Mmoja yuko Oltepesi na mbuzi, mwingine yuko Kajiado. Wanatumiana picha, wanaingia Shali, wanabonyezana, biashara imekwisha. Watu wengine wangeitisha mkataba na wakili. Hawa waliuliza swali moja: yanayopita chini ya shali nani anayaona? Dubow akawaapia kwamba hakuna. Aliapa kwa kuwa binti yake alimwambia hivyo, na binti aliambiwa na mama mmoja wa kampuni ndogo ya ng'ambo iliyosambaza gemu hiyo. Mama huyo alikuja Kitengela, akampa Nasteho mkono, akasema ni ahadi. Nasteho, mtoto wa dalali, alishika mkono akaridhika. Hakuna aliyeandika neno.

Mwaka huu kampuni ile ndogo ikaungana na kampuni kubwa. Kuungana ndilo neno walilotumia. Hata chatu akimmeza mbuzi, tuseme basi wameungana. Yule mama wa ahadi aliondolewa wiki hiyo hiyo. Nasteho alisoma habari za wengine waliomezwa kabla yao: watengenezaji walioamka wakakuta wamefungiwa nje ya kazi zao wenyewe, wachezaji waliofungua gemu ya miaka yao yote wakakuta kioo cheusi. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana nyasi ndizo huumia. Hawakutuambia kwamba hata fahali wakioana, hizo hizo nyasi ndizo hulaliwa.

Wachezaji nao walikuwa wamenusa. Phylis, muuza mboga wa Embulbul aliyechunga ng'ombe wake wa kwenye simu bila kupoteza hata ndama, alimwandikia Nasteho asubuhi ile: "Nimeskia mmenunuliwa. Ng'ombe zangu ziko salama?" Nasteho aliuacha ujumbe ukimkodolea macho.

Mkutano ulipoanza, kwenye kioo alitokea mwanamume mmoja nadhifu wa ile kampuni kubwa, Bwana Lowell, akiongea Kiingereza cha upole kama daktari mwenye habari mbaya. Aliwapongeza. Kisha akasema wameona jambo la ajabu kwenye kumbukumbu za gemu: kuna wachezaji mia kadhaa, wengi wa Kajiado, wanaouziana wanyama halisi.

"Mibonyezo yao yote tunayo," alisema. "Tangu siku ya kwanza."

Nasteho alikuwa ameandika programu ya kufuta kila kitu mkono ukishaondolewa, lakini kumbe mitambo ya ng'ambo ilikuwa ikinakili kabla hajafuta. Kila mbuzi. Kila ngamia. Neno la baba yake lilikuwa limetiwa ghalani miaka yote hiyo likisubiri mnunuzi.

Bwana Lowell aliendelea. Watu wao wa hesabu walikuwa wamejaribu kusoma vidole hivyo wakashindwa, maana madalali hubadilisha maana kufuatana na mnyama na hali ya soko. Kukiwa na mtu wa kuwatafsiria, wangeweza kuyauzia machinjio makubwa habari za bei, na Shali ingebaki hai, pamoja na ofisi ya Kitengela. Bila hivyo gemu haina faida. Ingezimwa mwisho wa mwezi.

"Tunafahamu Nasteho anazijua ishara," alisema. "Tuzungumze Jumatatu."

Kioo kilipozimika, Musila alikuwa wa kwanza kusema.

"Nasteho, si ni vidole tu? Hatuuzi mtu."

"Wenye machinjio wakijua dalali alinunua aje, atawauzia nini? Watamwambia bei yeye. Watu wote wa baba wataisha."

"Na sisi tukiisha?" Musila aliuliza, na sauti yake ilipanda kama ya mtoto. "Mimi naogopa, Nasteho. Sitakudanganya. Naogopa sana."

Mukonyo hakuwatazama. Alikuwa akikwangua rangi ya kucha.

"Mimi niko na Roda," alisema taratibu. Roda alikuwa binti yake, anasoma darasa la tatu. "Nani ataandika kazi mtu wa kuchora ng'ombe?"



Jumamosi Nasteho alimkuta baba yake Kajiado, kwenye uzio wa mnada. Haikuwa siku ya soko, mazizi yalikuwa matupu, lakini Dubow alikuwapo kama kawaida, ameketi juu ya kipande cha gogo na simu mkononi. Dalali mmoja wa Kimaasai alipita akamwamkia, "Supa," Dubow akaitikia, "Ipa," bila kuinua macho. Alikuwa akibonyeza.

"Aabo, ngoja kidogo," alimwambia binti yake, kwa neno ambalo baba na mtoto waliitana nalo siku zote. "Huyu mtu ya Ngong ananisumbua kwa fahali moja." Akaweka kiganja kwenye kioo, akacheka. "Nimemkamata. Gemu yako ni tamu, aabo."

Nasteho alimwambia yote akiwa amesimama. Alisema harakaharaka, kama mtu anayetapika, na alipomaliza alitamani baba yake afoke. Dubow hakufoka. Aliigeuza simu kifudifudi kwenye paja, akatazama mazizi.

"Wameona?"

"Hawajaona. Wako na mibonyezo, hawana maana."

"Maana iko na nani?"

"Ni mimi, aabo. Niliwaambia itafutwa. Nilikuambia uwaambie hivyo."

Mzee alijaribu ujanja kwanza, maana dalali hata akizama atauliza maji ni bei gani. Akasema wape vidole vya uongo. Nasteho akamweleza kwamba uongo ungejulikana siku ya kwanza machinjio watakapolinganisha. Akasema basi mwambie huyo mzungu aje Kajiado. Hapo akajikatiza mwenyewe, akajifuta mdomo kwa mkono. Nasteho hakuwa amewahi kumwona baba yake akiogopa. Ukame ulimwibia ngamia wake wote zamani na alikuja nyumbani akiitisha chai.

"Mimi niliwaapia," Dubow alisema. "Jina ya Mungu nilitaja. Hawa watu wakijua, hapa sitakanyaga tena. Nitaenda wapi? Mtu kama mimi iko na nini ingine?"

"Na Mukonyo je? Na Musila? Niwafukuzishe kazi?"

Dubow alishusha shali begani, akaitandaza kati yao, akatia mkono chini. Nasteho aliketi kwenye gogo, akatia wake.

"Mkono yako ni baridi," mzee alisema. "Mtu ya mkono baridi anauza mbuzi yake bure. Sema unataka nini."

Alibonyeza. Aliomba nusu: nimpe huyo mtu nusu tu ya ishara, za mbuzi, za ngamia zibaki. Mkono wa baba yake ukaondoka.

Huko Kajiado bei ikikataliwa hivyo haijadiliwi tena, na aliyekataliwa hanuni. Dubow alijitanda shali yake, akamuuliza kama amekula.

Jumatatu ofisini Nasteho aliketi katikati, Musila kulia, Mukonyo kushoto. Shali yake mwenyewe ilikuwa imemteleza mabegani ikamfunika magoti. Bwana Lowell aliwasalimu kila mmoja kwa jina lake, na upole wake ulimtia Nasteho hofu kuliko matusi.

"Siwezi," Nasteho alisema. Alikuwa amejiandalia maneno mengi usiku kucha, ya heshima na ya sheria, yote yakapotea. "Si zangu. Siwezi."

Musila alifunika uso kwa viganja. Bwana Lowell alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba ameambiwa mvua itanyesha.

"Naheshimu hilo," alisema. "Kuna mwingine yeyote kwenye timu anayezijua? Tungemlinda. Yeye na kazi yake."

Hapo ndipo mkono ulipoingia chini ya shali. Ulikuwa wa Mukonyo. Nasteho alidhani anatafuta kuliwazwa, akaushika. Mkono ukabisha hodi mara moja kwa kidole gumba, vile Dubow anavyofungua biashara, mpaka na kile kijiuvivu chake cha kukawiza kidole cha mwisho. Kisha ukabonyeza, bila kukosea hata mahali: Unauza?

Nasteho aliona yote kwa mara moja: ile wiki nzima, mzee na majivuno yake, msichana mtulivu mwenye penseli anayesikiliza. Mukonyo anazijua. Mukonyo mwenye Roda, mwenye kodi, asiye na baba Kajiado wala kiapo cha mtu. Angefungua mdomo tu na mambo yake yangenyooka, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa ameuliza kwanza, kwa njia ambayo madalali huuliza.

Nasteho alitamani kusihi. Chini ya shali hakuna ishara ya kusihi. Akafanya lile moja lililobaki: akauondoa mkono wake, polepole, akauweka mezani.

"Kuna mtu?" Bwana Lowell alirudia.

Mkono wa Mukonyo ulibaki peke yake chini ya shali. Nasteho aliuhisi juu ya goti lake, hausogei. Nje mtu alikuwa akibishana na mwenye duka kuhusu dawa ya minyoo. Musila alikuwa ameondoa viganja usoni akimtazama Mukonyo, ingawa hakujua kwa nini anamtazama.

Mukonyo alitoa mkono, akauweka juu ya meza kando ya ule wa Nasteho.

"Hakuna mwingine," alisema.

Bwana Lowell aliwashukuru kwa kazi yao. Gemu ingezimwa mwisho wa mwezi, na mibonyezo ingebaki ilivyo, kelele isiyo na maana. Kioo kikawa cheusi. Musila alienda akafungua dirisha, akasimama hapo akiwapa mgongo, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka.

"Nani alikufundisha?" Nasteho alimuuliza Mukonyo, ingawa alijua.

"Mzee wako. Alisema mkono ukichorwa bila kuongea unalala." Mukonyo alijaribu kucheka, meno yakamgongana. "Aliniambia nisikwambie. Aliogopa utamgombeza."

Nasteho alichukua simu, akamwandikia Phylis wa Embulbul kwamba ng'ombe wake wana mpaka mwisho wa mwezi, na kwamba amwie radhi. Kisha akaitandaza shali juu ya magoti yao wote wawili, akautafuta mkono wa Mukonyo chini yake. Ulikuwa baridi, kama wake. Akaweka kiganja.