Mwambie Mama Yako Azime Gari

Tulikuwa tumeshavuka daraja la Mto Mara nilipokanyaga klachi, nayo ikabaki chini. Nikaiinua kwa ncha ya kiatu, nikakanyaga tena, nikajaribu gia ya tatu. Ikasaga vibaya. Gari likarukaruka mara mbili, likazima katikati ya barabara.

Ilikuwa saa sita kasoro. Saa nane kamili nilitakiwa niwe shule ya Bomani, Tarime, kwenye mtihani wa Biolojia, karatasi yangu ya mwisho. Miaka miwili ya darasa la jioni pale Mugumu, nanyonyesha huku nakariri. Nikiikosa hii, nakaa mwaka mzima tena, na chuo cha uuguzi hakiwezi kuniwekea nafasi.

Kwenye kiti cha nyuma alikuwepo baba mkwe wangu, Mzee Kisyeri, amempakata Gati, binti yangu wa mwaka mmoja na nusu. Simon, mume wangu, alikuwa amebaki Morotonga kufundisha, akaniambia nimpeleke baba yake nyumbani Turwa, mtoto abaki naye nikiwa kwenye mtihani. Sasa, katika ukoo wao, mzee hasemezani na mke wa mwanawe. Tukishasalimiana asubuhi, basi. Hanitazami, simtazami. Na huyu mzee aliendesha lori la mahindi miaka ishirini na mbili, mpaka macho yalipomharibikia. Yaani anayejua gari alikuwa nyuma ya kisogo changu, na sikuwa na njia ya kumwuliza.

Vioo vya nyuma havishuki. Jua lilitupika humo ndani. Simu haikuwa na mtandao. Nikavuta ile gia kwa mikono miwili, machozi yananilenga.

"Gati," mzee akasema.

"Eee," mtoto akaitika.

"Mwambie mama yako hilo si jembe. Asilivute hivyo."

Nikaganda. Kisha nikasema, macho mbele kwenye kioo, "Gati, mwambie babu gari limegoma."

"Nimeona, Gati, mimi si kipofu kiasi hicho. Mwambie mama yako azime kabisa, halafu aingize gia zote, moja baada ya nyingine."

Nikazima swichi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, hata ya kurudi nyuma. "Mwambie babu zinaingia, laini kabisa."

"Na injini ikiwaka?"

Nikatoa gia, nikaweka nyutro, nikawasha. Hakuna hata moja iliyokubali, zote zinasaga. Nikazima.

"Basi giaboksi ni nzima, Gati. Klachi ndiyo haiachii. Muulize mama: kule mlimani tulikotoka, injini ilikuwa inapiga kelele bure na gari haiendi?"

"Hapana, babu. Lilikuwa linavuta vizuri."

Nilikuwa nimesahau kupitisha maneno kwa Gati. Mzee akakohoa. Nikaona aibu hadi masikioni.

Pikipiki iliyobeba mbao ikasimama pembeni. "Mama, umekula klachi hiyo!" kijana akacheka. "Pleti imekwisha. Hapo ni kuvutwa tu. Au weka mafuta ya kula, unafika."

"Gati," mzee akasema kwa sauti kubwa, "mwambie huyo aende akakaange chapati. Pleti ikiisha gari inaunguruma bila kwenda. Hii inakataa gia. Mama afungue boneti, aangalie kikopo kidogo cha mafuta ya klachi. Si kile cha breki."

Kikopo kilikuwa kikavu. Nikapapasa chini ya pedali. Mkeka wa plastiki ulikuwa umelowa, unateleza vidoleni. Hapo nikakumbuka. Wiki nzima nilikuwa nafuta maji pale kila asubuhi, kwa sababu Gati hupenda kucheza kwenye kiti cha dereva.

"Gati, mwambie babu... mafuta yote yamevujia humu ndani. Mama alidhani ni wewe umekojoa."

Mzee akacheka mpaka kiti kikatikisika. "Mjukuu wangu! Umesingiziwa wiki nzima!"

Mafuta ya kuongeza hatukuwa nayo. Yule kijana wa mbao alikuwa ameshaondoka. Basi mzee akamfundisha Gati, nami nikasikiliza: weka gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, washa humohumo, gari litaruka, usiogope. Ukitaka ya pili, achia pedali ya mafuta, toa gia taratibu, subiri mngurumo ushuke, sukuma bila nguvu. Ikikataa, usigombane nayo.

Tuliruka kama mbuzi, lakini tukaenda. Mara tatu ilisaga. Mara ya nne ikaingia kama kijiko kwenye uji. Nyamongo tukaipita mwendo wa gia ya tatu, naogopa kila tuta, naogopa kila mtu anayetaka kuvuka.

Kwenye kupanda kuelekea Tarime nikaona ng'ombe wamejaza barabara yote. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini.

"Gati," mzee akaita. "Gati, amka."

Mtoto alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Mzee akamtikisa kidogo. Hakuamka. Mzee akafumba mdomo.

Nikakanyaga breki, nikazima. Tukasimama kwenye kilima, pembe pande zote, mchungaji anapiga mluzi bila haraka. Dakika zikaenda. Ng'ombe wa mwisho alipotoka niliweka ya kwanza, nikashusha breki ya mkono huku nawasha. Gari likashtuka, likarudi nyuma kidogo, kisha likashika. Nikasikiliza. Mngurumo ukapanda, nikaachia, nikatoa, nikangoja. Ya pili ikaingia bila sauti.

Mbele kidogo, ya tatu.

Nyuma nikamsikia mzee akimnong'oneza mtoto aliyelala, "Hiyo ya tatu mama yako ameichelewesha kidogo."

Bomani nililizima gari langoni likiwa na gia, mzee na Gati wakiwa ndani. Nikakimbia. Msimamizi akatazama saa ya ukutani, akatazama mikono yangu iliyojaa mafuta.

"Umechelewa dakika ishirini na mbili. Zingefika thelathini nisingekufungulia. Kaa pale."

Nikakaa. Nikapangusa vidole kwenye sketi, nikaandika namba yangu ya mtihani.