Mpira Mmoja wa Kendrell

Kendrell Guidry alicheza ulinzi wa nyuma katika futiboli ya Kimarekani, ile ya kurusha na kudaka mpira kwa mikono, miaka kumi na moja, akiwaandama wadakaji wa timu pinzani kama anayewadai, na miaka yote hiyo hakuwahi kudaka hata mpira mmoja. Kuupangua aliweza. Kuudaka, kila mara ulimponyoka. Wenzake walimwambia ana mikono ya saruji. Alicheka nao, lakini lilimuuma sana.

Jumapili ile ilikuwa mechi yake ya mwisho, maana goti lilishagoma. Mama yake, Bi Earline, alitoka Louisiana kuja kumuaga uwanjani.

Dakika ya mwisho, timu yake ikiongoza kwa pointi moja, wapinzani walikuwa katikati ya uwanja na jaribio lao la nne, ambalo ndilo la mwisho. Hapo mlinzi hadaki, anaupiga mpira chini. Ukianguka, timu yake inaanzia kulekule katikati na kazi imekwisha. Akiudaka, wanaanzia pale atakapoangushwa.

Mpira ukarushwa mbali, ukaja kwake mwenyewe, karibu kabisa na mstari wa goli la timu yake. Kocha Pruitt akapiga kelele aupige chini. Bi Earline naye akapiga kelele hizohizo, na sauti yake ikamzidi kocha. Kendrell aliwasikia wote wawili.

Akaudaka.

Aliangushwa hatua moja tu kutoka kwenye mstari. Akainuka akicheza, peke yake. Timu yake ilipoanzia hapo, mkimbiaji wake alibanwa nyuma ya mstari huohuo, wapinzani wakazawadiwa pointi mbili kama sheria inavyotaka, na mechi ikaenda na maji. Kocha alimwambia Kendrell auchukue mpira wake aondoke nao, asimtie wazimu.

Bi Earline alikuwa akimngoja kwenye maegesho, mikono kiunoni.

"Hata shangazi yako asiyeona vizuri angeupiga chini," alisema.

"Najua, mama."

"Ulijua lini?"

"Mpira ukiwa bado hewani."

Mama alimtazama mtoto wake, jitu zima lenye ndevu, limekumbatia mpira kifuani. Alitaka kuendelea kumsema, na maneno alikuwa nayo ya kutosha hadi Louisiana. Akatazama huku na huku kama kuna mtu, kisha akashusha sauti.

"Hebu nionyeshe ulivyoushika."

Kendrell akamwonyesha. Mama akamwambia arudie.