Zamu ya Mtakatifu Kwenye Baiskeli

Msiniambie habari za kusamehe. Nimeambiwa sana, na wote wanaoniambia wana ndugu wenye miguu miwili.

Mimi ni dereva wa basi la mjini. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa anasambaza mikate kwa baiskeli kwenye barabara hiyo hiyo ninayoendesha, mpaka asubuhi ile basi la mwenzangu lilipomkatia mbele kuingia kituoni na kumbana ukingoni. Mwenzangu huyo tunamwita Mtakatifu, kwa sababu hajawahi kukosea, kwa maneno yake mwenyewe. Polisi walipomuuliza alijibu, "Sikumwona." Akasema kijana aliibuka tu, kama chafya. Madereva wote wakamuunga mkono, na mimi nikabaki nimeduwaa ndani ya sare ile ile waliyovaa wao.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Hilo nilijikaza, nikalimeza. Kilichonishinda ni kumsikia mdogo wangu, amekaa kitandani kwenye chumba changu cha uani, akisema, "Dada, labda kweli niliibuka. Labda ni makosa yangu." Kila siku wimbo huo huo. Jamani! Mtu akuharibie mguu, halafu lawama ubebe wewe? Nikaapa kwamba Mtakatifu ataitema kweli mbele ya huyu mtoto, hata kama itanibidi nimkabe koo.

Nafasi ikaja yenyewe. Jiji lilitaka kuchora njia ya baiskeli kwenye barabara yetu. Mtakatifu, ambaye ni mwenyekiti wa madereva, akapinga mpaka povu likamtoka: mabasi yatachelewa, abiria watalalamika, barabara yenyewe haitoshi. Watu wa baiskeli nao wakasema mabasi yanawakata kila kituo. Mhandisi wa jiji, mama mmoja mpole lakini hatikisiki, akaamua hivi: kabla ya kupaka rangi, njia itapangwa kwa koni, na kila dereva atapanda baiskeli apitwe na basi. Wenye baiskeli nao watakaa ndani ya basi waone dereva anavyohangaika.

Nikajitolea kuendesha basi la majaribio. Konda mmoja akanipigapiga begani. "Afadhali, dada. Yaliyopita si ndwele." Alidhani nimelainika. Nikatabasamu tu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hilo sikumwambia.

Siku ya majaribio nilimleta mdogo wangu, nikamkalisha kiti cha mbele karibu na mlango, magongo yake mapajani. Mtakatifu alimwona, akageuza shingo. Basi lilikuwa lile lile alilokuwa akiendesha siku ya ajali. Niliomba hilo kwa makusudi. Na kabla hajapanda baiskeli hakuweza kujizuia, akaja kunifundisha kazi.

"Nyie kina mama vioo mnaviweka vya kupakia wanja," akasema. Akakizungusha mwenyewe kioo cha upande wa kituo, akaniuliza naona nini, akakizungusha tena. "Haya. Hapo hata paka akipita unamwona."

"Asante, mwenyekiti."

Akapanda. Mtu mzima, tumbo mbele, kofia ya kujikinga imemkaa kichwani kama bakuli. Madereva wakampigia miluzi. Nikamwacha atangulie, kisha nikaondoka nyuma yake, nikamfikia, nikaanza kumpita. Kwenye kioo nilimwona vizuri mno, mpaka jasho lililomlowesha shati kifuani. Niseme kweli, palikuwa na kitambo kidogo ambapo mikono yangu ilitaka kuukata usukani wote na kumaliza. Kilichonizuia si huruma. Maiti hasemi, na mimi nilimtaka aseme.

Nikamkatia mbele kuingia kituoni, kama alivyozoea kufanya yeye. Koni zikalala chini ya magurudumu. Ubavu wa basi ukamsogelea, akalia kama mbuzi, akaruka, akaanguka ukingoni na baiskeli juu yake. Nikafunga breki, nikafungua mlango.

"Unataka kuniua?" alifoka, mkono mmoja kaushika kwa mwingine. "Mshenzi wewe! Hukuniona?"

"Sikukuona," nikasema.

"Mwongo! Kioo nimekuwekea mwenyewe! Basi hili nalijua kuliko ninavyomjua mke wangu. Mtu akiwa hapo unamwona, tena unamwona mpaka vifungo vya shati! Hakuna dereva asiyemwona mtu hapo, hakuna!"

Miluzi ikakatika. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nikageuka, nikamkuta mdogo wangu amesimama mlangoni kwa magongo yake.

"Kwa hiyo na mimi uliniona, mzee?" akauliza.

Mtakatifu akajitoa chini ya baiskeli. Akamtazama mhandisi. Akawatazama madereva, na safari hii hakuna aliyemsaidia. Mwishowe akaitazama suruali ya mdogo wangu, pale ilipokunjwa chini ya goti.

"Nilikuwa nimechelewa," akasema. "Nilijua utafunga breki."

Mimi nilifukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na hapo siwalaumu. Mtakatifu ameitwa tena polisi, mkono umefungwa bandeji. Ningependa uwe mguu. Njia ya baiskeli imechorwa ipite nyuma ya kituo, basi lisiikate tena, na abiria wanashukia kwenye kijukwaa cha zege katikati ya njia hiyo na barabara. Nasikia mabasi hayachelewi hata kidogo.

Jioni ya siku ile ya majaribio mdogo wangu alikaa kitandani kimya, nikaogopa kwamba ataanza wimbo wake. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia. Akaanza kumtukana Mtakatifu. Akamtukana yeye, na tumbo lake, na kioo chake, na huo utakatifu wake, kwanza polepole, halafu kwa sauti mpaka majirani wakafungua madirisha. Tangu ajali hakuwa amemlaumu mtu yeyote isipokuwa nafsi yake. Nikavuta kigoda, nikakaa mlangoni nimsikilize.

Akanyamaza, akanitazama. "Dada, nakuchelewesha kulala?"

"Endelea, mdogo wangu," nikamwambia. "Kesho sina kazi ya kuwahi."